Mchezo wa Simulizi kwa Meseji, na Jinsi Kimya Kinavyouua

Usiku wa Jumanne moja, saa tatu na ushei, niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp sentensi niliyojivunia: "Ukungu umetanda juu ya gati la Kisumu, taa ya meli inawaka na kuzimika, na nyuma yenu mnasikia nyayo." Nikaweka simu chini nikaenda kula. Niliporudi, tiki zilikuwa zimegeuka buluu. Wachezaji wote watano walikuwa wamesoma. Hakuna aliyejibu. Kesho yake, kimya. Keshokutwa mmoja akatuma video ya barabara ya Ahero iliyofunikwa na maji, watu wakaijadili kidogo, kisha kimya tena. Baada ya wiki nilijua mchezo umekufa. Zile nyayo hazikuwahi kumfikia mtu.

Huo ulikuwa mchezo wangu wa pili kufa namna hiyo. Nililaumu bando, nikalaumu stima, nikalaumu wachezaji kwa kukosa moyo. Ilinichukua muda kukubali kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba lilikuwa kosa la ufundi. Nilikuwa naongoza mchezo wa maandishi kana kwamba watu wamekaa mbele yangu mezani, ilhali mmoja yuko wodini zamu ya usiku, mwingine yuko kwenye pikipiki Kondele, wa tatu darasani Kapsabet, wa nne chuoni Njoro, na wa tano anafunga duka la vipuri Nakuru.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mtu mmoja anaeleza ulimwengu na kuwasemea wote waliomo, kuanzia mfalme mpaka mbuzi. Huyo ni mwongozaji. Wengi humwita GM, kifupi cha Kiingereza cha "game master". Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu, dadu inaamua. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani ulikuwa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, nao ulikuwa wa kuchezwa mezani, ana kwa ana. Miaka 4 baadaye, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika MUD, ulimwengu wa maneno matupu ndani ya kompyuta, ambao Richard Bartle aliuendeleza. Ila huko mwongozaji ni programu. Programu haichoki, haina mtoto anayeumwa, na inakujibu papo hapo. Mchezo ninaousema hapa unaongozwa na binadamu, kwa meseji, na majibu yake huja saa au siku baadaye.

Saa hizo za katikati ndizo zinazoamua kila kitu kingine. Uandishi mzuri hauziondoi, na hadithi nzuri haiziondoi. Hesabu yake ni hii.

Mezani, mchezaji anasema, "Nausukuma mlango." Mwongozaji: "Umefungwa." "Natafuta namna ya kuufungua." "Tupa dadu." "Nane." "Umefunguka, unatoa mlio." Maneno hayo sita yanakwisha kabla chai haijapoa. Kwa meseji, kila jibu likingoja mtu atoke kazini, mlango huo mmoja unakula siku tatu. Mapigano ndiyo balaa. Ukifuata zamu kwa zamu kama mezani, wachezaji watano na mwongozaji wa sita, kila mtu akichukua siku nzima kujibu, raundi moja inachukua siku 6. Mapigano ya raundi 5 ni siku 30. Mwezi mzima mnapigana na fisi mmoja! Hakuna fisi anayestahili mwezi mzima.

Jambo hili lilishatatuliwa zamani na watu waliocheza kwa barua za posta. Kuna mchezo wa vita na mapatano unaoitwa Diplomacy, uliobuniwa na Mmarekani Allan Calhamer na kuanza kuuzwa 1959. Kufikia 1963 watu walikuwa wanaucheza kwa posta. Katika Diplomacy hakuna kungoja zamu. Kila mchezaji anaandika amri zake kwa siri, zote zinafunuliwa kwa pamoja na matokeo yanahesabiwa mara moja. Kwa posta, msimamizi aliweka siku ya mwisho ya kupokea amri, na jeshi ambalo halikupewa amri lilibaki mahali pake. Barua ikichelewa, mchezo haungoji.

Na kabla ya posta, watoto wa kwetu waliokaa jikoni jioni walikuwa na kanuni yao ya jambo hilihili. Kitendawili! Tega. Ukishindwa kutegua, huruhusiwi kukaa kimya mpaka asubuhi: unaambiwa utoe mji. Ukitoa Kisumu, mtegaji anakwenda Kisumu, anajisifu kidogo njiani, kisha anatoa jibu na kitendawili kinachofuata kinategwa. Anayeshindwa analipa kitu, kitu kidogo, na mchezo unasonga. Nimesoma maelezo marefu ya wataalamu wa michezo hii mtandaoni, na mengi yanarudi palepale kwenye kutoa mji.

Kwa hiyo tulipoanza upya, kanuni yetu ya kwanza ilihusu kimya. Dirisha linafunguka saa tatu usiku na kufungwa saa tatu usiku wa kesho yake. Ndani ya dirisha hilo kila mtu anaandika anapopata nafasi, bila kujali nani ametangulia: muuguzi alfajiri akitoka zamu, mwalimu wakati wa mapumziko, mwendesha boda boda akiwa anangoja abiria. Saa tatu ikigonga naandika matokeo ya wote kwa pamoja. Ambaye hajaandika, mhusika wake anafuata agizo la kudumu, yaani sentensi moja aliyoiandika mwenyewe siku ya kwanza. La muuguzi linasema: "Nikinyamaza, namlinda karani na sisemi na askari." La mwanafunzi wa Njoro linasema: "Nikinyamaza, nakula." Hilo la pili limetupa vicheko vingi, na mara moja limemwokoa mtu, maana mhusika wake alikuwa jikoni wakati wengine wanakamatwa.

Agizo la kudumu lina faida nyingine ambayo sikuitarajia: linaondoa aibu. Mtu aliyekosa siku mbili kwenye mchezo wa kawaida huona haya kurudi, na haya ikizidi siku nne anaingia mitini kabisa. Kwetu anakuta mhusika wake yuko hai, amefanya jambo linalomfaa, na anaendelea pale alipo. Hakuna kuomba radhi.

Kanuni ya pili inapunguza safari za meseji. Mchezaji haandiki "Nausukuma mlango." Anaandika anataka nini, kwa njia gani, akishindwa atafanya nini, na anaambatanisha dadu zake hapohapo: "Naingia ghalani kimya kwa mlango wa nyuma, ukiwa umefungwa natumia kisu. Dadu: nane. Nikionwa najifanya nimetumwa na karani." Nami kwa upande wangu siruhusiwi kuishia kwenye mlango. Napeleka simulizi mbele mpaka penye uamuzi unaofuata wenye uzito: yuko ndani, magunia manne hayapo, na kuna mtoto amelala juu ya yaliyobaki. Siku tatu za mlango zimekuwa siku moja.

Hapa ndipo dadu zinapoingia, na hapa wengi hukosea kwa kuchukua kanuni za mezani zilivyo. Michezo mingi maarufu hutumia dadu ya pande 20. Tuseme unahitaji 14 au zaidi ili umpige adui. Namba zinazokufaa ni 7 kati ya 20, asilimia 35. Mara mbili kati ya tatu, takriban, utakosa. Mezani kukosa ni kitu cha sekunde tatu. Kwa meseji umengoja siku nzima usomewe "umekosa." Kwenye mchezo wa maandishi hakuna kitu ghali kama "hakuna kilichotokea."

Sisi tunatumia dadu mbili za kawaida, za pande sita, kama za ludo, na kujumlisha. Kumi kwenda juu, umefanikiwa. Saba mpaka tisa, umefanikiwa lakini kuna gharama. Sita kwenda chini, mambo yanaharibika na mimi nachagua yanavyoharibika. Ukihesabu njia zote 36 ambazo dadu mbili zinaweza kuanguka, kumi kwenda juu ni njia 6, saba mpaka tisa ni 15, sita kwenda chini ni 15. Mhusika anayejua kazi hiyo anaongeza moja kwenye jumla yake, na hesabu inageuka kuwa 10, 16 na 10. Anayeongeza mbili anapata 15, 15 na 6. Tazama hiyo safu ya katikati: hata ufanyeje, karibu nusu ya matokeo ni "ndiyo, lakini." Umevuka mto, ila bunduki imelowa. Karani amekuamini, ila sasa anataka mwende wote. Kila "lakini" ni swali jipya, na swali jipya ni sababu ya mtu kujibu kesho. Hata sita kwenda chini si mlango uliokataa kufunguka. Mlango umefunguka na mlinzi amesimama upande wa pili.

Uaminifu wa dadu ni suala dogo kuliko watu wanavyolifanya. Telegram ina alama ya dadu ambayo ukiituma inatoa namba yenyewe, mchezaji hawezi kuichagua, na wote mnaiona ileile. Discord ina roboti za kazi hiyo. Kwetu kila mtu hutupa za kwake nyumbani na kusema alichopata. Nadhani mmoja hudanganya kidogo. Sijawahi kumuuliza.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi ya ukungu, kwa sababu nimeichambua zaidi ya mwanafunzi anayechambua shairi. Ina mandhari, ina hofu, lakini haimpi mtu yeyote kazi. Nyayo zimesikika kwa "ninyi," na "ninyi" hana simu. Kila mmoja alisoma akadhani mwenzake atajibu kwanza. Leo ningeiandika hivi: "Nyayo zinasimama hatua kumi nyuma yenu. Sauti ya mwanamke inamwita karani kwa jina lake la utotoni. Mashua ya mwisho inaondoka sasa na ina nafasi ya wanne. Ninyi ni watano. Mvuvi, kamba iko mkononi mwako." Karani, mhusika wa mchezaji mmoja, ana swali lake peke yake: huyu ni nani? Mvuvi ana kamba. Wote wana hesabu isiyokubali, nne na tano. Atakayefungua simu akiwa amechoka saa sita usiku bado ana kitu cha kusema kwa mstari mmoja.

Urefu nao. Meseji yangu ya kuongoza lazima itoshe kwenye kioo cha simu bila kuteleza kidole. Nilijiwekea kanuni hii baada ya kugundua kwamba wachezaji ni kama wageni, hupima mavazi yao kwa ya mwenyeji. Nikiandika aya nne za kifasihi, mwalimu wa Kapsabet ananijibu aya nne, anafurahi sana, na mwendesha boda boda anasoma zote nane kisha anaona haya kutuma "Namfuata." Lakini "Namfuata" ndiyo meseji bora kabisa! Inasogeza mchezo. Siku hizi naandika mistari mitano sita, na maelezo ya rangi ya ziwa jioni nayaweka pale tu ambapo rangi hiyo ni ushahidi wa jambo.

Huyo huyo wa boda boda aliomba atume sauti badala ya kuandika. Nilikataa kwa wiki kadhaa, kwa sababu sauti huwezi kuitafuta baadaye, na mchezo wa maandishi unategemea kumbukumbu yake. Kisha nikasikiliza moja aliyomtumia mwenzake kwa faragha, akimwigiza askari mlevi, nikacheka mpaka machozi. Sasa anatuma sauti na mwanafunzi wa Njoro anaiandika mstari mmoja chini yake.

Tuna makundi mawili. La kwanza ni la simulizi tupu: vitendo, maneno ya wahusika ndani ya alama za nukuu, na kama lazima useme jambo la nje unaliweka kwenye mabano mawili ((namna hii)). La pili ni la porojo, dadu, malalamiko, mpira na picha za barabara zilizofurika. Tumeliita Kibuye, kwa jina la soko, kwa sababu ya kelele zake. Bila Kibuye, kelele zingeingia kwenye simulizi. Bila simulizi, Kibuye pangebaki mahali pa watu watano wanaojuana tu. Kila Jumapili naandika muhtasari wa mistari kumi. Ni kazi ya dakika ishirini na imeokoa wachezaji wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kubuni, kwa kuwa aliyepotea wiki nzima hahitaji kusoma meseji mia mbili.

Kuhusu maandalizi. Waongozaji wapya huandika hadithi: sura ya kwanza hili, sura ya pili lile, mwisho mfalme anaanguka. Wachezaji wanakwenda kushoto siku ya pili na hadithi inabaki kwenye daftari. Mimi huandaa mahali, watu wanaotaka vitu, na jambo litakalotokea kama wachezaji hawatafanya chochote.

Mahali petu ni Kisumu ya mwishoni mwa 1901, wakati reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani na kituo kikaitwa Port Florence. Nilichagua mwaka huo kwa uvivu wa kufikiri. Ukisoma historia yake kidogo, imejaa mitego iliyo tayari. Kisumu wakati huo ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda, katika mkoa wake wa mashariki, na mkoa huo ukahamishiwa upande wa Kenya ya leo, iliyoitwa Himaya ya Afrika Mashariki, mnamo Aprili 1902. Fikiria mchezo ambao wahusika wanalala wakiwa na mashtaka kwa ofisa mmoja na kuamka mpaka ukiwa umewaruka! Juu milimani, Wanandi walikuwa wanang'oa boliti za reli na kukata nyaya za telegrafu, nyaya zilizofaa sana kwa mapambo. Swali la mchezo wetu ni behewa moja la mizigo lililoondoka pwani likiwa limejaa na kufika likiwa na mawe.

Jambo litakalotokea ndilo moyo wa maandalizi. Nimeandika kalenda: wiki ya kwanza mkuu wa stesheni anamshitaki mpagazi asiye na hatia, wiki ya pili mpagazi anachapwa, wiki ya tatu mizigo inavushwa ziwani usiku. Wachezaji wanaweza kuzuia lolote kati ya hayo. Wakinyamaza, linatokea. Kalenda hii inafanya kazi ya agizo la kudumu kwa ulimwengu mzima: hata ulimwengu una la kufanya wakati watu wana mitihani.

Kwa kuwa ni mchezo wa upelelezi, kuna tahadhari moja zaidi. Jambo lolote ambalo lazima wachezaji waligundue, naliwekea dalili tatu mahali patatu tofauti. Moja wataipita bila kuiona, ya pili wataielewa visivyo, ya tatu itawafikisha. Kwa meseji ni muhimu kuliko mezani, kwa sababu dalili uliyoitoa Jumatatu inasahaulika Ijumaa. Ukurasa uliochanwa kwenye daftari la stesheni. Magunia yanayonuka omena ilhali yalibeba nguo. Mtoto anayehesabu mabehewa kwa vijiti na ambaye hajawahi kukosea. Walimpuuza mtoto kwa majuma matatu.

Nimetaja Wanandi, na hapa ni lazima niende polepole. Rasimu yangu ya kwanza iliwafanya majambazi wa milimani, kama barua za wakoloni zinavyowaeleza. Mwalimu wa Kapsabet aliisoma na kuniuliza kwa upole, "Ndugu, hao wanaoiba reli, reli yenyewe ilipita kwa nani?" Nikaandika upya. Sasa upande wa milimani una wazee wenye hoja, na mhusika wa mwalimu mwenyewe anatoka huko.

Kabla mchezo wowote haujaanza tunaulizana kwa faragha, mmoja mmoja: ni jambo gani lisionekane kabisa, na ni jambo gani litajwe tu na kupitwa, kama pazia likifungwa? Kwenye maandishi ni lazima zaidi, maana mezani unaona uso wa mtu ukibadilika. Kwenye simu unaona tiki. Dada wa Nakuru aliandika mstari mmoja: nyumba zisichomwe. Hakueleza, na sikumuuliza. Kila mtu kwenye kundi ana umri wa kukumbuka Januari 2008, ghasia zile za baada ya uchaguzi. Katika mchezo wetu kuna risasi, njaa na usaliti, na hakuna nyumba inayochomwa. Hadithi haijapungukiwa na kitu.

Idadi. Anza na watano ukitarajia wanne. Sita ni wengi kwa mwongozaji wa kwanza, na watatu wakipungua mmoja mnabaki wawili mnaoandikiana barua. Wakati wa kuunda mhusika, mwombe kila mmoja aandike pia sababu ya kuondoka: ana deni Mwanza, ana mama mgonjwa Mumias. Mtu akipotea wiki mbili bila habari, mhusika wake anapanda mashua kwenda kulipa deni lake. Hafi, hadharauliwi, na akirudi amerudi kutoka safari. Tangazeni pia mwisho tangu mwanzo. Sisi tulisema wiki nane. Tulimaliza kwa kumi na moja.

Kuna jambo ambalo maandishi hulifanya vizuri kuliko meza, nalo ni siri. Mezani ukimvuta mchezaji nje mlangoni, wote wanajua kuna kitu. Kwa meseji unamwandikia pembeni na hakuna anayejua. Karani alijua kwa wiki tano kwamba saini kwenye hati ya mizigo ni ya kaka yake. Ilikuwa tamu. Lakini ikanifundisha mpaka wangu, kwani wengine walipohisi utamu huo nao wakataka mambo yao ya pembeni, nikajikuta naongoza michezo mitano ya mtu mmoja mmoja pamoja na ule mkubwa, mpaka saa saba za usiku. Nikachoka, nikaanza kukwepa simu yangu mwenyewe. Kimya kile kilikuwa changu. Sasa pembeni ni mmoja kwa wiki, kwa zamu, na kazi yangu ya kila usiku haizidi dakika arobaini na tano. Stima ikipotea, nina agizo langu la kudumu pia: dirisha linasogea siku moja na hakuna anayeadhibiwa.

Tulipomaliza, usiku wa mwisho, behewa limepatikana na mpagazi yuko huru, watu wakakaa Kibuye wakipiga soga. Muuguzi, aliyekuwepo hata kwenye ule mchezo uliokufa, akauliza zile nyayo za kwenye gati zilikuwa za nani. Nikamwambia ukweli, kwamba nilipoziandika hata mimi sikujua.

Akajibu baada ya dakika kadhaa: ((Nasi tulikuwa tunangoja utuambie.))